Studio ndogo ya picha Moshi itaingiaje kwenye habari?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina studio ndogo ya picha hapa Moshi, maeneo ya Mbuyuni. Napiga pasipoti saizi, harusi, sendofu, kipaimara na mahafali, na kila Desemba napanda vijijini kupiga familia zilizorudi nyumbani. Mwezi uliopita nilitimiza miaka saba. Nikaandika taarifa, nikaituma kwenye magazeti manne na redio mbili. Hakuna aliyejibu isipokuwa mwandishi mmoja, ambaye alisema habari itatoka nikimpa elfu hamsini. Naona biashara ndogo nyingine zinaandikwa. Wenzangu wanafanyaje?
Mwenye studio, Moshi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa miaka saba. Studio ngapi zimefunguliwa hapo mjini na kufungwa ndani ya miaka miwili, wewe unajua kuliko mimi.

Taarifa uliyoiambatanisha nimeisoma yote. Kiswahili chake kimenyooka na hakuna uongo ndani yake. Hata hivyo nilikaa kwenye dawati la picha la gazeti miaka kumi na moja kabla ya kurudi Arusha, na kama ungeituma siku ya zamu yangu, nami nisingekujibu. Mhariri anaingia kikao cha asubuhi akiwa na jambo moja kichwani: leo watu wanazungumza nini, na sisi tutawapa nini ambacho hawajakiona? Miaka saba ya studio yako inakuhusu wewe, ndugu zako na wateja wako. Msomaji wa Tunduru au wa Bukoba haimgusi, na mhariri anamfikiria huyo.

Lakini katika barua yako kuna sentensi umeipitia haraka kana kwamba ni jambo dogo. Umesema kila Desemba unapanda vijijini kupiga familia zilizorudi nyumbani. Niliposoma hapo niliacha kunywa chai.

Angalia Desemba ya mkoa wako inavyoandikwa. Kuanzia wiki ya pili ya mwezi habari ni mabasi ya Dar kwenda Moshi kujaa, nauli kupandishwa kinyemela, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kuonya wenye mabasi, askari wa barabarani kupima madereva. Treni ya abiria iliporudi kati ya Dar es Salaam na Moshi, Desemba 2019, baada ya kukosekana zaidi ya miaka ishirini, ilikuwa habari kubwa zaidi kwa sababu ilikuja wakati huo huo wa watu kurudi Kilimanjaro. Kila mwaka maneno ni yale yale, na picha pia: watu na mabegi stendi. Mhariri wa picha amezichoka. Anazitumia kwa kuwa hana nyingine.

Wewe unazo. Una familia moja imesimama mbele ya nyumba ile ile, kando ya mgomba ule ule, mwaka hadi mwaka. Mtoto aliyebebwa mgongoni 2019 sasa amevaa sare ya shule. Bibi aliyekaa kiti cha katikati, kuna mwaka kiti kipo na yeye hayupo. Nyumba ya udongo nyuma yao imegeuka ya matofali, kisha ikapata bati jipya. Picha hizo hazimo kwenye maktaba ya gazeti lolote, maana wapiga picha wa magazeti siku hizo walikuwa stendi.

Hicho ndicho wenzako wanaoandikwa wanachofanya, wengine bila hata kujua. Wanachukua kitu walichonacho wao peke yao, wanakiunganisha na jambo ambalo nchi tayari inalizungumza, na wanakifikisha kabla ukurasa haujapangwa. Jina la biashara linaingia kwa mlango wa nyuma: "Picha na fulani, wa studio fulani, Moshi." Maneno hayo madogo chini ya picha yana uzito kuliko taarifa yako yote ya aya nane, kwa sababu aliyeyaweka hapo ni gazeti.

Ningekuwa wewe, ujumbe wa kwanza kwa mhariri ungekuwa mfupi kama huu:

"Habari za asubuhi, mhariri. Mimi ni mpiga picha, nipo Moshi. Wiki ijayo mtaanza kuandika habari za watu kurudi Kilimanjaro kwa Krismasi. Nina picha za familia moja ya Kibosho niliyoipiga sehemu ile ile kila Desemba tangu 2019. Familia imekubali kwa maandishi zitumike, na mama mwenye nyumba yuko tayari kuzungumza na mwandishi. Nakutumia mbili uzione, nyingine ziko tayari. Nipo hewani kutwa nzima."

Hakuna neno "studio bora". Bei hazimo, nembo haimo. Akisoma sentensi ya pili anajua ataiweka wapi, na akifika mwisho anajua kazi yake ni kupiga simu moja tu. Maelezo ya biashara yako, mstari mmoja, yakae chini kabisa baada ya jina lako.

Muda nao una hila zake. Habari ya Desemba unaiona inakuja, kwa hiyo itume mwishoni mwa Novemba au siku za mwanzo za Desemba. Ukingoja tarehe 23, kurasa za sikukuu zimeshapangwa na nusu ya wahariri wako njiani kwenda kwao. Ndivyo ilivyo kwa kila jambo lenye tarehe: matokeo ya kidato cha nne Januari, mbio za Kilimanjaro Marathon mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, maonyesho ya utalii ya Juni, Nane Nane pale Njiro, Desemba 9. Kwenye marathoni sikushauri upoteze nguvu nyingi. Mstari wa kumalizia umejaa kamera za kila chombo, na picha yako ya mshindi itakuwa ya mia moja. Kama kuna mzee wa mtaani kwenu anayejiandaa miezi mitatu kwa kukimbia alfajiri, mpige sasa, uwe naye kabla ya siku yenyewe.

Halafu kuna habari zinazolipuka bila hodi. Oktoba 2020, moto ulipowaka Mlima Kilimanjaro, usiku ulionekana hadi Moshi mjini, na sisi dawatini tulikuwa tunatafuta picha kwa kila njia. Jioni moja ikaingia picha nzuri sana kutoka kwa kijana mwenye studio. Alikuwa ametega kamera kwenye tripodi, mstari wa moto unaonekana wazi juu ya giza la mlima. Katikati ya picha alikuwa amebandika jina la studio kwa herufi kubwa pamoja na namba mbili za simu. Tukampigia atupe iliyo safi. Hakupokea, alikuwa kazini. Muda wa kufunga ukurasa ukafika, tukaweka picha hafifu iliyopigwa kwa simu na mtu mwingine. Hadi leo naumia nikikumbuka, kwa sababu kijana yule alikuwa ameshafanya sehemu ngumu ya kazi. Ukitaka kulinda picha kwenye mitandao, weka alama ndogo pembeni. Ya kutuma kwa mhariri iwe safi, na siku hiyo simu usiiache mbali.

Picha yenyewe iwe na angalau pikseli 2,500 upande mrefu. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa na kupoteza ubora, kwa hiyo itume kama dokumenti, au tumia barua pepe. Maelezo yake yataje nani, wapi, lini na anafanya nini, na yaandikwe ndani ya faili pia, maana ujumbe na picha huachana wakati vinapopitishwa kutoka simu hadi simu.

Kuna tabia moja ya studio ambayo lazima uiache mlangoni. Kwenye harusi tunalainisha ngozi, tunafuta waya wa umeme nyuma ya maharusi, tunaongeza rangi ya anga. Picha ya habari haifutwi kitu wala kuongezwa kitu. Kurekebisha mwanga kidogo na kukata pembe kunaruhusiwa, basi. Mhariri akigundua siku moja kwamba umefuta nguzo, hatakuamini tena, na atamwambia mwenzake wa gazeti jingine.

Umahiri wako nao unaweza kuwa habari, hata pasipo picha. Chukua suala la Kibo, kilele kirefu cha Mlima Kilimanjaro. Kila mara inapotoka ripoti kuhusu barafu ya Kilimanjaro, watu hubandika mitandaoni picha mbili, moja mlima mweupe na nyingine mlima mkavu, wakisema "angalieni ilivyoyeyuka". Barafu kweli inapungua: vipimo vya watafiti vinaonyesha kuwa kati ya 1912 na 2011 ilipotea karibu asilimia 85 ya eneo lake. Lakini picha zile mbili mara nyingi hazithibitishi jambo hilo. Moja imepigwa Aprili, masika, theluji mpya imeshuka usiku. Nyingine Septemba, kiangazi. Theluji ya msimu huja na kuondoka ndani ya wiki, barafu ya kudumu ni jambo jingine. Wewe mpiga picha wa Moshi unaijua tofauti hiyo kwa macho, na unaweza kuionyesha kwa picha zako za mwezi ule ule, kutoka paa lile lile, kwa lenzi ile ile, miaka tofauti. Mtangazaji wa redio akikupata siku ripoti imetoka, ana kipindi kizima. Akikuuliza usilolijua, mwambie aulize mtaalamu wa barafu, wewe unazungumzia picha.

Jingine liko kwenye kalenda tayari, na nakuomba uliandike ukutani. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Kupatwa kikamilifu kutapita Afrika Kaskazini, Misri, Saudi Arabia, Yemen hadi Somalia. Kwetu kaskazini mwa Tanzania jua litafunikwa sehemu tu, mchana. Wiki mbili kabla, kila redio itatafuta mtu wa kueleza namna ya kulitazama na kulipiga picha bila madhara. Hilo ni somo lako. Ukilitazama jua kupitia kidirisha cha kamera bila kichujio maalumu, jicho linaungua, na sensa ya kamera inaweza kuungua pia. Miwani ya kawaida ya jua haisaidii. Asiye na kichujio anaweza kutoboa tundu dogo kwenye boksi, mwanga ukapita na kuangukia karatasi nyeupe, akaona jua lililolika bila kuinua macho. Hata chini ya mti wenye majani mengi, vidoa vya mwanga ardhini vitageuka hilali. Fanya jaribio hilo na watoto wa shule jirani, kwa idhini ya mwalimu mkuu na wazazi, siku chache kabla. Hapo una picha, una ushauri unaookoa macho ya watoto, na hakuna atakayesema unajitangaza.

Anza pia kujenga hazina ya kesho. Chagua sehemu tatu za mji zinazobadilika, simama pale pale kila tarehe moja ya mwezi, piga. Kama ungekuwa na picha za eneo la Ngangamfumuni za kila mwezi tangu ujenzi wa stendi mpya uanze, nani angekupita? Wenzako wa Arusha nawaambia vivyo hivyo kuhusu uwanja wa AFCON 2027: siku ya mechi ya kwanza kila mtu atakuwa na picha ya uwanja uliokamilika, na wachache watakuwa na ya shamba lilivyokuwa. Piga ukiwa barabarani, mahali unaporuhusiwa kusimama. Ukitaka kuingia ndani ya eneo la ujenzi, omba ruhusa. Droni isirushwe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Na kazi ya kibiashara ndani ya hifadhi ya mlima, pita kwanza ofisi za KINAPA, wasimamizi wa hifadhi hiyo, pale Marangu uulize taratibu.

Sasa nikuambie mahali ambapo biashara haipaswi kukanyaga, na hapa siwezi kupunguza makali. Mei 2017 nilikuwa uwanja wa Sheikh Amri Abeid, siku walipoagwa watoto waliokufa kwa ajali ya basi la shule kule Karatu. Safu ya majeneza, wazazi wamekaa chini. Kulikuwa na kazi ya wapiga picha pale, na kazi yenyewe ilikuwa kuonyesha taifa msiba wake kwa heshima. Hapakuwa na nafasi ya jina la studio ya mtu. Yakitokea mafuriko, ajali, moto wa soko, kama una picha inayosaidia watu kujua kilichotokea, mpe mhariri, na mwombe aandike jina lako tu bila la biashara. Usiibandike kwenye ukurasa wa studio. Usitoe punguzo la bei "kwa waathirika" ukawaita waandishi. Ukitaka kusaidia, wachapie bure wafiwa picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza, na usimwambie mtu. Watu wa Moshi watajua wenyewe.

Kuhusu ruhusa za watu. Mama aliyekulipa umpige na wanawe Desemba alikulipa kwa ajili ya ukuta wa sebule yake, hakukupa kibali cha kumweka gazetini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa picha ya mtu anayetambulika, na hata bila sheria, mteja akijiona gazetini bila kuulizwa umempoteza yeye na ukoo mzima. Mfuate nyumbani, au mpigie. Mwonyeshe picha zile zile utakazotuma. Mwambie ni gazeti gani au redio gani. Aweke sahihi kwenye karatasi ya lugha nyepesi. Kwa watoto wakubali wazazi. Akikataa mmoja kati ya wanandugu wanne, achana na familia hiyo, nenda nyingine.

Yule wa elfu hamsini. Usimpe. Najua waandishi wa mikoani wanalipwa kidogo, wengine kwa idadi ya habari zinazotoka, na wanatumia nauli yao; nimeishi na watu hao na nawaheshimu. Ukimwita mtu aje Kibosho, kumpakia kwenye gari lako au kumpa maji na chakula ni ubinadamu. Lakini habari inayonunuliwa kwa bahasha haina thamani uliyoitaka, kwa sababu ulitaka mtu mwingine akushuhudie. Tena atarudi, na mara ya pili bei itapanda. Ukiwa na fedha ya kutangaza, nunua tangazo ofisini kwao upewe risiti, lisomeke kuwa tangazo. Jibu zuri kwa mtu kama huyo ni hili: "Nashukuru kaka, kwa sasa sina bajeti ya tangazo. Nikiwa na picha yenye habari nitakutumia." Umefunga mlango bila kugombana naye, maana mji ni mdogo.

Wapo waandishi wengi wasioomba chochote. Magazeti kama Mwananchi, Nipashe na HabariLeo hupokea habari kutoka Kilimanjaro; chukua nakala za mwezi mmoja, angalia majina juu ya habari za Moshi, uone nani anaandika mambo ya jamii na nani yuko mahakamani kila siku. Yule wa mahakamani usimsumbue na habari ya familia. Pita kwenye klabu ya waandishi wa habari ya mkoa ujitambulishe kama mtu anayeweza kusaidia picha ya haraka wapiga picha wao wakiwa mbali. Na redio usizione ndogo. Radio Sauti ya Injili na Moshi FM zinasikika jikoni na dukani kwa wateja wako wenyewe, na mwandishi wa gazeti mara nyingi husikia kwanza redioni kisha anakutafuta.

Watakuomba picha bure. Kwa mara ya kwanza, kubali, lakini kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: picha mbili, kwa toleo hili, jina liandikwe hivi, haki zinabaki kwangu. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inatambua picha kama kazi ya aliyeitunga. Kuanzia mara ya tatu taja bei bila kuona haya. Wakikataa, hujapoteza kitu.

Usitegemee foleni mlangoni siku habari inapotoka. Nilichokiona kwa wengi ni kwamba wateja wa pasipoti saizi hawaongezeki hata mmoja. Anayepiga simu, baada ya mwezi au miwili, ni hoteli inayotaka picha za vyumba, kampuni ya kupandisha watalii, shirika linalotaka kumbukumbu ya mradi wake kule Rombo. Hao wanatafuta mtu ambaye mwingine ameshamwamini. Kwa hiyo kata ukurasa ule, uuweke kwenye fremu pale mapokezi, na nakala yake iwe kwenye simu yako muda wote.

Jioni ya leo, ukishafunga studio, toa diski zako zote za Desemba. Tafuta familia tatu ulizozipiga miaka mingi zaidi mahali pamoja, uzipange kwa mwaka, na nakala nyingine uiweke nyumbani, kwa sababu diski moja ikifa hadithi yote imekufa. Kisha mpigie simu mama wa ile familia ya kwanza, umsalimie, umuulize wanatarajia kufika lini mwaka huu, na kama anaruhusu mgeni mmoja wa kuandika.